Albamu ya Nyimbo Anazozipenda

Mzee mpiga saksafoni alikuwa amekaa ndani ya basi karibu na fundi cherehani, mama asiyemjua, aliyekuwa akiisifu albamu mpya ya mwimbaji mashuhuri wa jazi. Alivumilia vituo viwili, kisha ulimi ukamwasha.

"Eti nyimbo anazozipenda! Kwani miaka yote ile alikuwa akituimbia anazozichukia? Sauti yenyewe siku hizi inapanda kama bibi mwenye magoti mabovu."

"Babu nawe! Mimi nimeisikiliza nikishona, mwanzo mpaka mwisho. Wewe umeisikia?"

"Ya nini? Nilimpigia saksafoni tangu hajajua kushika maikrofoni." Akakohoa kidogo. "Ule wimbo nilioutunga mimi, wa kufungia dansi, bila shaka kauweka mwisho?" Akauimba kwa pua, na kwa mtu asiyejali, aliukumbuka vizuri mno.

Fundi akatikisa kichwa. "Huo haumo, babu."

"Haumo? Alikuwa akiuimba kila Jumamosi huku machozi yanamtoka!"

"Labda sasa tumejua alichokuwa akililia."

Basi likasimama kituo cha mwisho, abiria wakaanza kushuka. Mzee hakuinuka.

"Mwanangu," akasema, "hiyo cherehani yako ina kelele sana?"