Pumzi ya Doña Eufrasia

Kwenye kombi ya kwenda mji wa Atlixco, Meksiko, Doña Eufrasia alimweleza binti aliyeketi kando yake kwamba mumewe ana kisukari, na kidonda chake cha mguu anakiosha kwa dawa ile inayotoa povu. "Isiyochoma haiponyi, mwanangu."

Binti akasema anafanya kazi maabara. "Dawa za vidonda tumezijaribu kwa bakteria, bibi. Ya povu iliwabakiza wengi, iodini ikawafyeka." Dereva akapunguza muziki, heshima ambayo hata padri hajawahi kupewa humu.

"Basi nitanunua iodini. Nikishamwosha, nampuliza kidonda kama kawaida."

"Usimpulize, bibi. Unamrudishia bakteria wa mdomoni."

"Kweli umesoma, mwanangu. Aliyekulea hakupata hasara." Kombi ikasimama, akashuka, akageuka mlangoni. "Ila nisipompuliza, yule mzee atajuaje kuwa bado nampenda?"