Hodi Kwenye Wimbo wa Mwisho

Benchi letu liko kati ya kinyozi na fundi cherehani. Kinyozi ni mimi. Fundi tunamwita Sindano, na asubuhi hiyo alikaa pembeni kabisa, kahawa imempoa mkononi. Binti yake ndiye mwimbaji wa Umeme Mdogo, lile kundi la vijana watatu wanaotengeneza muziki kwa kompyuta. Tangu mvua zianze hajaonekana. Kwa shangazi yake hayupo, simu haipatikani. Wenzake wanasema aliwatumia wimbo wa mwisho wa albamu, kisha kimya. Mtaa mzima tulisikia siku Sindano alipomwambia achague, muziki huo au nyumba yake, naye akachagua muziki. Jana albamu imetoka, na watu wananong'ona kwamba wimbo huo wa mwisho unatisha. Mimi nilijifanya mwanamume, lakini nilikuwa sijathubutu kuusikiliza.

— Uweke basi tuusikie, alisema Kamusi, karani mstaafu ambaye hajawahi kukosa jibu.

— Weka wewe, alijibu Redio, anayetengeneza redio na simu. Mimi jana nimeusikiliza mara moja tu, nimelala taa inawaka.

— Fundi wa redio anaogopa sauti!

— Sauti nazijua, mzee. Hizi sizijui. Humu hakuna gitaa, hakuna ngoma. Wameokota milio ya mtaani, maji ya bomba, mkasi, bati, wakaikatakata. Hata sauti ya binti wameikata vipande wakaifanya ngoma.

— Ndiyo hapo sasa! Mtu ukimkata sauti vipande, mwenyewe anabaki na nini?

— Kamusi, baba yake yuko hapa, nikamwambia.

— Yupo, na asikie. Kompyuta ile imemnywa mtoto wimbo kwa wimbo, mpaka akaisha. Utampataje kwenye simu mtu aliyeko ndani ya albamu?

Redio akashusha sauti.

— Mimi nimeambiwa, ukiusikiliza mpaka mwisho, usiku unagongewa mlango. Yule muuza mkaa kagongewa.

— Akafungua? nikauliza.

— Thubutu! Kajifunika shuka mpaka asubuhi.

Nilicheka. Sindano hakucheka.

— Weka, alisema. Nataka kumsikia mwanangu.

Redio akaweka simu katikati ya benchi. Kwanza ulikuja mvumo mzito, halafu mvua juu ya bati. Chini ya mvua kukawa na cherehani inayoshona, na kila baada ya mishono michache ikikohoa kama mgonjwa. Mlio huo naujua, nakaa nao ukuta mmoja. Mkanda wa cherehani ya Sindano ulikatika zamani, akauunga kwa kipande cha ngozi, na kile kiungo kikipita kwenye gurudumu ndiyo inakohoa hivyo. Hakuna nyingine mtaani.

Mlango ukagongwa. Cherehani ikasimama. Kisha sauti ya binti, nzima, haijakatwa popote:

"Hodi. Baba, hodi."

Mvua ikanyesha. Ikanyesha sana. Halafu cherehani ikaendelea kushona, na wimbo ukaisha.

— Jini, alisema Kamusi. Jini limeigiza cherehani ya watu. Limeigiza na mvua.

Lakini alisema bila nguvu, na mkono wake ulikuwa unatafuta kikombe ambacho hakikuwepo.

— Yule binti alikuwa hatoki bila kinasa sauti mfukoni, alisema Redio taratibu. Nilimtengenezea mimi.

Hapo nikaogopa kweli, na sikuogopa jini tena. Nilikuwa namtazama Sindano, na Sindano alikuwa anaitazama simu.

Kwenye mlango wa duka lake alikuwa amesimama dada mmoja aliyeleta gauni libadilishwe zipu. Mgeni kabisa, hajui haya wala yale, amesikia wimbo tu.

— Samahani wazee wangu, akasema. Sasa huyo aliyekuwa anashona, alimfungulia?

Kamusi, mwenye majibu yote, akanyanyuka kutafuta kahawa. Redio naye akasahau kuzima simu, na wimbo ukajirudia wenyewe. Mvumo, mvua, cherehani, mlango.

"Hodi. Baba, hodi."

— Karibu, mama, alisema Sindano akiinamia simu, machozi yanamtoka. Karibu ndani.

Ndani ya simu, cherehani ikaendelea kushona.