Bi Sijui na Mikono ya Dada Yake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti, na mwenye sufuria jikoni apunguze moto, maana leo namkumbuka mtu niliyempenda.

Ni mwalimu wa chuo cha afya, mtafiti, aliyetutoka wiki iliyopita. Wanafunzi wake walimwita Bi Sijui. Ndiyo, Bi Sijui. Alipokuja studio hii mara ya kwanza, alikaa kiti kile cha dirishani, mkoba mapajani. Nikamuuliza, je, kukanda nyayo kunatibu? Akajibu, "Sijui." Kisha akanyamaza kimya. Nyuma ya kioo fundi mitambo akashika kichwa. Ikabidi nikohoe, niujaze ukimya kwa maneno yangu mwenyewe.

Sasa, kwa nini nyayo? Tuanzie nyumbani kwao. Walizaliwa wawili tu, yeye na dada yake mkubwa. Mama yao alifariki mapema, dada akamlea. Na dada huyo alikuwa mkandaji wa nyayo. Nakikumbuka chumba chake, nyuma ya duka la mshona nguo. Kiti cha kuegemea, beseni la maji ya uvuguvugu, taulo zilizokunjwa, na cherehani ikilia upande wa pili wa ukuta. Wanaoiamini tiba hiyo, wanayoiita refleksolojia, husema kila sehemu ya unyayo ina uhusiano na kiungo fulani cha mwili. Kidole gumba, kwa mfano, ni kichwa. Wengine walimwita dada tapeli, na neno hilo lilimchoma. Akamwambia mdogo wake, "Wewe umesoma. Nipimie kazi yangu, watu wanyamaze."

Wasikilizaji, dada alitaka jibu moja tu: ndiyo.

Basi wakakusanywa watu wanaosumbuliwa na kichwa mara kwa mara, wakagawanywa kwa kura. Kundi la kwanza likandwe kidole gumba. Kundi la pili likandwe kisigino, bila kujua kwamba si penyewe. Wakipona wa kwanza peke yao, dada ameshinda. Rahisi, eti? Wapi!

Kidonge cha uongo, kisicho na dawa ndani, unaweza kumficha hata anayekigawa asijue ni kipi. Mkandaji utamfichaje mikono yake mwenyewe? Mama mmoja wa kisigino alikunja uso kwa maumivu, na taratibu mikono ya dada ikapanda hadi kidole gumba. Mdogo mtu akaona. Dada hakukana. Alisema, "Mdogo wangu, mtu anaumwa. Nimkande uongo?"

Kipimo kikavunjika. Wakaanza upya, safari hii na wanafunzi ambao hawakuambiwa sehemu ipi ni ya nini. Dada akawatazama, akasema hao hawakandi, wanapangusa viatu.

Na matokeo? Makundi yote mawili yalipata nafuu, karibu sawa. Ni kidole? Ni kile kiti? Ni kushikwa tu na mtu anayekujali? Au kichwa kilitulia chenyewe, kama vichwa vinavyofanya? Hakukuwa na kundi lililoachwa bila kukandwa, kwa hiyo Bi Sijui hakuweza kutenganisha. Wenzake walimshauri aandike tu kwamba watu walipata nafuu, kwani si kweli? Akakataa. Aliandika kwamba hajui.

Dada alilia. Alisema, "Nimekulea mimi, na neno moja unaninyima." Kuanzia hapo zikabaki salamu za juu juu. Binti wa dada ameniambia, "Mama mdogo akisikika redioni, mama alikuwa anazima." Yaani kipindi hiki hiki kilizimwa. Nimeshasamehe.

Mwaka huu Bi Sijui akaugua, ugonjwa wa kulala kitandani. Jioni moja mlango wa chumba chake hospitalini ukafunguliwa, dada akaingia na beseni lake. Akakaa mwisho wa kitanda, akashika miguu ya mdogo wake, akaanza. Binti alikuwepo, na amenihadithia yote.

Mgonjwa aliuliza, "Dada, unanikanda pa kweli au pa uongo?"

"Sikwambii. Ukijua utaharibu kipimo."

Wakacheka hadi muuguzi akaja kuchungulia. Kisha dada akauliza kama anasikia nafuu. Akajibu anasikia. Dada akauliza tena, polepole, kama nafuu hiyo ni ya mikono yake.

"Sijui, dada," akasema. "Ila usiache."

Dada hakuacha. Alimkanda kila jioni, hadi ile ya mwisho.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole dada, binti yake, na chuo kizima kilichozoea kusikia neno lile. Nawe unayenisikiliza, fikiri kidogo. Yupo anayekupenda aliyekwambia sijui, ukamnunia kwa sababu hakukudanganya? Mtafute angali yupo.

Binti ameniambia dada yuko sebuleni sasa hivi, na redio hajaizima. Basi, dada, tunayo ile kanda ya siku ya kwanza. Utamsikia mdogo wako akisema neno lake, halafu utausikia ukimya wake. Leo sitakohoa.