Maisha ya Orest Wasylkiw, Yakisomwa na Dada Yake Aliyefukuzwa Chamani

Ndugu, majirani, na ninyi wanachama wa Chama cha Wakulima na Wafanyakazi mliokuja kwa magari kumi na saba kutoka Regina, naitwa Stefania Wasylkiw, nina miaka themanini na mitatu, na nimesimama katika ukumbi huu wa Yorkton, leo Ijumaa tarehe 15 Novemba 2024, kusoma maisha ya mdogo wangu Orest kwa sababu mwenyewe aliniomba. "Uyasome wewe, Dada," aliniambia mwezi wa tisa, "lakini usinipambe." Nilimjibu kwamba wazo hilo halijawahi kunipitia akilini.

Marehemu Orest Danylo Wasylkiw alizaliwa tarehe 14 Februari 1946, shambani kwetu, kilomita kumi na mbili kaskazini ya mji huu, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mykhailo na marehemu Paraska Wasylkiw, wakulima wa ngano, ambao walikuwa miongoni mwa familia thelathini zilizoanzisha tawi la kwanza la Chama katika wilaya hii, na kwa kuwa mikutano ilifanyika jikoni kwetu, Orest alijifunza kutembea kwa kushikilia magoti ya wajumbe, na wapo watakaosema hakuacha kufanya hivyo mpaka alipostaafu.

Alisoma shule ya chumba kimoja karibu na shamba, kuanzia mwaka 1952 hadi 1960, kisha sekondari hapa Yorkton hadi 1964, ambako tarehe 3 Mei 1963 alishinda kikombe cha wilaya cha usemaji, kwa hotuba juu ya ardhi na wanaoilima, hotuba ambayo niliiandika mimi nikiwa kazini kwenye kituo cha simu, kati ya kumuunganisha mteja mmoja na mwingine, na alipopokea kikombe alimshukuru mwalimu wake. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Saskatchewan, mjini Saskatoon, akahitimu mwaka 1969, akaapishwa kuwa wakili mwaka 1970, na kazi ya uwakili aliifanya miezi kumi na minne tu, kisha akaingia siasa, na mahakama zikapumua.

Mwaka 1971, akiwa na miaka ishirini na mitano, aligombea kiti katika bunge la jimbo letu la Saskatchewan, nami nilikuwa meneja wa kampeni yake. Wakati ule sote wawili tulikuwa katika Kundi la Kushoto ndani ya Chama, watu sitini hivi, walimu, wachimba potashi na wakulima, tuliotaka migodi ya potashi, madini ya kutengenezea mbolea, iwe mali ya umma na Chama kikumbuke kilianzishwa kwa ajili ya nani, mimi nikiwa katibu wa kundi na mhariri wa gazeti lake la kurasa nne, yeye akiwa mwenye kadi namba nne. Tulitembea nyumba kwa nyumba kwa wiki tisa, matope ya Aprili yakitufika magotini, mimi nikigonga milango na kueleza, yeye akitabasamu, na mwezi Juni akachaguliwa kwa tofauti ya kura mia nane, akasema ushindi ule ulikuwa wetu sote, na nadhani siku ile alikuwa anasema kweli.

Sasa nafika mahali ambapo karatasi mliyopewa mlangoni, iliyochapishwa na makao makuu, inaruka kutoka 1971 hadi 1974. Katikati kuna 1973. Jumamosi ya tarehe 17 Novemba mwaka huo, kwenye mkutano mkuu wa Saskatoon, ililetwa hoja kwamba yeyote aliye katika kundi lenye katibu wake na gazeti lake ajitoe kundini au aondoke Chamani katika siku thelathini. Asubuhi ile hotelini nilimshonea Orest koti lililofumuka kwapani, na wakati namshonea alinihakikishia kwamba atasimama kututetea. Alisimama kweli, akazungumza dakika kumi na moja juu ya umoja, neno hilo nililihesabu mara ishirini na sita, na kura zilipopigwa yeye alikuwa safu ya pili na mimi safu ya tatu, na katika ukumbi wa watu mia tisa mkono wa kwanza kupanda kuunga hoja ulikuwa wake. Niliutambua kwa uzi wa bluu kwapani, maana hotelini sikuwa na uzi mweusi.

Baada ya siku thelathini nilifukuzwa Chamani kwa barua ya mistari mitatu iliyokosea jina langu. Tarehe 8 Januari 1974 Orest aliapishwa kuwa Waziri wa Barabara. Siku mbili kabla ya kiapo, kwenye mlo wa mkesha wa Krismasi yetu ya Kiukreni, inayoangukia Januari, alimwambia mama kwamba mikono iliponyooshwa yeye alikuwa nje ya ukumbi anavuta sigara. Mama alikuwa anampakulia supu ya borshchi, akaweka upawa chini. "Wewe?" alimwambia. "Wewe ambaye moshi wa jiko tu unakutoa machozi?" Na hakummalizia kumpakulia.

Tarehe 3 Agosti 1974 marehemu alifunga ndoa na Marjorie Tregunno, binti wa daktari wa Regina, katika sherehe ambayo mawaziri walikaa meza za mbele, wabunge wa kawaida meza za kati, na mimi nikakaa karibu na mlango wa jikoni pamoja na mpiga picha. Marjorie yuko hapa, amesafiri kutoka Victoria, na sina neno baya juu yake, kwani aliishi na mwanasiasa miaka kumi na saba na akaondoka mwaka 1991 akiwa na akili zake timamu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Adrian, aliyezaliwa mwaka 1976, anayefanya kazi katika kampuni ya mafuta mjini Calgary na kuwapigia kura wahafidhina, na Natalka, aliyezaliwa mwaka 1979, mwalimu mjini Winnipeg, ambaye hampigii kura mtu yeyote, na baba yao aliwapenda wote wawili, ingawa siku zao za kuzaliwa alikuwa akizikumbushwa na katibu muhtasi.

Alikuwa waziri hadi mwaka 1982, serikali ilipoanguka, na potashi ikabaki kwa wenye kampuni zao kama ilivyokuwa. Mwaka 1984 alichaguliwa kuwa kiongozi wa Chama katika jimbo, kwa kura za wale wale walionyoosha mikono pamoja naye, akawaamini, jambo ambalo mpaka leo siwezi kulieleza. Alhamisi ya tarehe 5 Novemba 1987 tulimzika mama. Siku hiyo hiyo wabunge kumi na wanne wa Chama walikutana Regina na kumwondoa uongozini kwa kura tisa dhidi ya tano, na ili msidhani hawakuwa na adabu, shada lao la maua lilifika makaburini saa nane, na simu yao ikafika nyumbani saa tisa. Orest alikuja jikoni ambako nilikuwa natoa chakula cha wageni, bado amevaa glavu za mazishi.

"Wameniondoa, Dada," alisema.

"Karibu nje," nilimwambia. "Kuna baridi, lakini utazoea."

Alikasirika, akaondoka bila kula, na kwa miaka miwili hakunipigia simu. Nilidhani anatafakari. Alikuwa anaandaa kampeni, safari hii ya uongozi wa Chama nchi nzima.

Mkutano mkuu wa kumchagua kiongozi wa taifa ulifanyika Hamilton, Jumamosi ya tarehe 17 Machi 1990, na mgombea wa mrengo wa kushoto alikuwa Roberta MacAskill, mwalimu kutoka Cape Breton, mwanamke wa sauti ndogo na maneno machache, ambaye ahadi yake ya kwanza ilikuwa kuturudisha tuliofukuzwa. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa, na nilikuwa nimekaa nje ya Chama cha baba yangu kwa miaka kumi na sita. Nilitazama kwenye televisheni. Asubuhi Orest alimshika Roberta mkono mbele ya kamera na kusema kwamba wakati wa kurekebisha makosa umefika, na mimi, mtu mzima, mwenye kumbukumbu zake zote, nikaamini. Katika duru ya kwanza Orest alishika nafasi ya nne, akiwa na wajumbe mia mbili na kumi na mmoja, akatolewa, na sasa alikuwa huru kuwapeleka kwa mgombea amtakaye. Akainuka, wajumbe wake wakamfuata ukumbini wakipiga makofi, akapita mbele ya viti vya Roberta, Roberta akasimama na kunyoosha mkono, naye akaendelea kutembea, akavuka upande wa pili hadi kwa mpinzani wa Roberta, wakili mmoja wa Toronto, akainamisha kichwa ili avishwe skafu ya kijani ya kampeni yake. Roberta alishindwa kwa kura hamsini na nane.

Jioni alipiga simu, nadhani alitaka pongezi. Nilimuuliza kwa nini. "Siasa ni hesabu, Dada," aliniambia. Nikamwambia hesabu nilimfundisha mimi, nami sikumfundisha hivyo, nikakata simu. Kwa kura zile mia mbili na kumi na moja alikuwa ameahidiwa kuwa msemaji wa Chama wa mambo ya fedha Ottawa, kwenye bunge la taifa, na alichopewa ni uenyekiti wa kamati ndogo ya rangi za mabango. Mwaka uliofuata alishindwa hata kiti chake hapa jimboni, na kuanzia hapo hadi mwaka 2014 alifundisha semina za uongozi kwa vijana wa Chama, ambao ndio ninyi mnaokiongoza sasa, na inaonekana.

Kuhusu ugonjwa, marehemu aligunduliwa kuwa na maradhi ya Parkinson tarehe 12 Aprili 2021, na mwezi Juni 2022, aliposhindwa kujifunga vifungo, nilimchukua kutoka Regina nikamleta kwangu, mtaa wa tatu kutoka hapa. Katika miezi ishirini na tisa aliyokaa nami, viongozi wa Chama walimtembelea mara mbili, na mara zote mbili walikuja na mpiga picha. Alikuwa mgonjwa msumbufu. Alisahihisha wasomaji wa habari, alilalamikia supu yangu, alidai magazeti ya Ottawa ambayo hakuweza tena kuyashika. Nilimwosha, nikamvalisha, tukagombana kila siku kabla ya saa tatu asubuhi, na sikumbuki miaka mingine tuliyokuwa karibu hivyo tangu matope ya 1971.

Jumapili ya tarehe 22 Septemba mwaka huu nilikuwa namlisha uji wa shayiri, akausukuma mkono wangu.

"Siku ile sikuwa nje, Dada. Nilinyoosha mkono."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipounyoosha. Nilikuwa nimekaa nyuma yako."

Aliutazama uji mpaka ukaganda. Karibu miaka hamsini na moja alikuwa ameificha siri ambayo tulikuwa tukiijua mimi, mama, na wajumbe mia tisa. Mtu aliyetaka kuongoza nchi. Kisha akasema, "Basi unisamehe." Nikamwambia anyamaze ale, naye akala.

Tarehe 6 Novemba alishikwa na homa ya mapafu, akapelekwa hospitali ya hapa Yorkton, na Jumamosi ya tarehe 9 Novemba 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sabini na minane, Natalka akiwa upande mmoja wa kitanda na mimi upande wa pili. Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu na dada mmoja.

Kwa niaba ya familia namshukuru Daktari Oyelaran na wauguzi wote waliomhudumia, ambao walimsikiliza akiwaeleza namna ya kuendesha hospitali na hawakumjibu vibaya. Nawashukuru majirani zangu, ukoo wa Kowbel, waliotuondolea theluji mlangoni majira mawili ya baridi bila kuombwa, na akina mama wa ukumbi huu, ambao tangu jana wanatengeneza pyrohy, vile vifurushi vya unga vya viazi, za kuwalisha wote mliokuja. Namshukuru Roberta MacAskill, mwenye miaka themanini na sita, aliyetuma barua ya mkono, ya upole kuliko yote tuliyopokea, na sitaisoma hapa kwa kuwa hamkuistahili.

Nawashukuru pia wenzake wa Chama. Najua Jumamosi ijayo mnachagua kiongozi, na naona wagombea wote wawili wamefika, mmoja amekaa kushoto kwa jeneza na mwenzake kulia, kila mmoja na watu wake nyuma yake, na wiki hii kila mmoja alinipigia simu kuniahidi kwamba akichaguliwa ataiendeleza kazi ya Orest, nami nawaamini wote wawili. Aliyebandika vipeperushi kwenye vioo vya magari hapo nje, naomba akavibandue kabla jeneza halijatoka. Na mliotaka kulifunika kwa bendera ya Chama, mtaikuta imekunjwa vizuri mezani pale mlangoni, mrudi nayo.

Orest, mdogo wangu, nimeyasoma na sikukupamba. Ulipoomba nikusamehe ile Jumapili, nilikwambia nyamaza. Uliponiomba tena hospitalini, Alhamisi, nilijifanya sikusikia, lakini nilisikia vizuri sana. Nilikuwa nasubiri uniombe mara ya tatu.

Haya, pumzika.