Mtambo Uliozimwa Saa Nne

Ilikuwa Jumanne, saa mbili asubuhi, na ukungu ulifunika madirisha ya treni. Mwalimu wa hesabu alikuwa akisahihisha madaftari, lakini masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele.

"Mzee wangu, muziki ule wa utotoni haukupigwa mchana," mshonaji alimwambia jirani yake, fundi mstaafu wa kituo cha redio. "Magitaa yanalia kama bawaba yenye kutu, mtu anaimba kwa kunong'ona. Mimi na marehemu kaka yangu tuliusikiliza saa saba usiku, redio chini ya blanketi. Tulijiona tumegundua dunia."

"Mliota, mwanangu. Mtambo wa kurushia matangazo ulikuwa mmoja tu. Saa nne usiku nilikuwa nauzima, nafunga mlango, naondoka na ufunguo."

"Watu wawili tuote ndoto moja?"

"Ninyi watoto mlikuwa na mambo."

"Usinicheke, baba. Nikikubali tuliota, nitabaki na nini cha kaka?"

Mzee aligeukia dirisha. Mshonaji akaanza kuimba mmoja wa nyimbo zile kwa sauti ya chini, bila maneno, akakwama katikati. Mzee, macho yake yakiwa kwenye ukungu, akaumalizia bila kukosea. Mwalimu aliweka kalamu chini.

"Uliusikia wapi, baba?" mshonaji aliuliza.

"Nyumbani kwangu. Ufunguo ukiwa mfukoni. Lakini niliuzima, binti. Niliuzima kila siku."

Treni ilisimama. Mshonaji alishuka, akisahau kuaga. Mwalimu alisahihisha daftari lile lile mara mbili. Mzee alipitiliza kituo chake, mkono mfukoni, kama mtu anayehakikisha ufunguo bado upo.