Milimita Moja ya Babu Mvua

Mshonaji alikuwa ameegemeza kichwa kwenye dirisha la basi, hana habari na mtu, mpaka aliposikia jina la utani la mumewe likitajwa kiti cha mbele.

Fundi simu na mwalimu, ambao hata hawakuwa wakijuana walipopanda, walikuwa wamegundua kwamba wote wamo kwenye kundi moja la mtandaoni, la watu wanaopima mvua nyumbani kwao na kutumiana vipimo kila asubuhi. Watu wana mambo.

"Babu Mvua huu mwezi wa pili kimya," fundi alisema. "Wewe ndiye uliyemkosea. Ulimwambia mbele ya watu kwamba kipimo chake kimezidi."

"Kilizidi, ndugu yangu. Upande ule wote walipata milimita kumi na mbili, yeye kumi na tatu. Miaka sita hakuwahi kukosea." Mwalimu alishusha sauti. "Sasa kila siku nafungua simu kabla sijanawa uso, naangalia kama kaandika."

Mshonaji aliijua kumi na tatu hiyo. Siku ile mumewe alishindwa kuinuka kitandani, akamtuma yeye akasome maji kwenye chupa ya kupimia na kuandika kundini. Kesho yake mzee hakuamka.

Basi likapunguza mwendo. Aliinuka, akashika kiti chao.

"Samahanini, wanangu. Maji yakipanda pembeni mwa chupa, mnasoma pale pembeni au katikati?"

"Katikati, mama, pale yanapobonyea," mwalimu alijibu. "Kwani na wewe unapima?"

"Kumbe ilikuwa kumi na mbili," alisema mshonaji, akashuka.