Maneno Mekundu ya Mama Printa

Mimi muuza kahawa, sina ugomvi na anayekunywa kahawa yangu, ila leo kijiwe kilinikera. Saa nne asubuhi Mama Printa, mwenye kiduka cha kuchapa hapa nyuma ya benchi, alitoka mikono kichwani. Kompyuta ilikuwa inaweka toleo jipya la programu ya printa, ikagoma katikati na kujaza maneno mekundu kioo kizima. Saa sita mwalimu anafuata mitihani, nakala themanini, na hajachapa hata moja. Watoto wanaanza saa nane.

— Usiguse kitu! akasema Washa-Zima, fundi simu wetu. Hapo programu mpya imeikuta ya zamani ndani, zote zinagombea faili moja.

— Basi sasa ni nusu mpya, nusu kuukuu, akadakia Gia Nne, dereva mstaafu. Niliwahi kuendesha lori la hivyo. Unakanyaga mafuta, linarudi nyuma!

— Acha chumvi, mzee.

— Haki ya Mungu! Mama, ukibonyeza tu, mitihani yote inafutika.

— Mitihani tu? akasema Washa-Zima. Itafuta mpaka simu zetu. Mimi yangu nshazima.

Gia Nne akacheka sana. Kisha akatoa yake mfukoni, akaizima.

— Jamani, mnanisaidia au mnanizika? Mama Printa akauliza, machozi yanamlenga. Shule ikinikimbia leo, nafunga duka.

Nikammiminia kikombe. Hakukigusa. Roho iliniuma.

Saa sita kasoro mwalimu akafika na mkoba wake. Wote wakamwelezea kwa pamoja, lori likiwemo. Akasubiri wamalize.

— Hayo maneno mekundu yanasemaje?

Washa-Zima akaanza kukagua viatu vyake. Karibu saa mbili nzima, na hakuna aliyesoma!

Mwalimu akaingia dukani, sisi nyuma yake tumebanana mlangoni. Akasoma taratibu, akitutafsiria.

— Inasema faili hili tayari ni la programu nyingine, kwa hiyo toleo jipya halikuwekwa. Hakuna kilichobadilishwa.

— Yaani ile ya zamani ipo? akauliza Mama Printa.

— Ipo. Haijaguswa.

Mama Printa akabonyeza kitufe cha kuchapa. Printa ikakohoa, karatasi ya kwanza ikatoka ya moto. Juu kabisa imeandikwa: “Soma kwa makini kabla ya kujibu.”

Mama Printa akamkabidhi Washa-Zima karatasi hiyo.

— Haya baba, anza wewe.